Taka za Tabata zilihamia wapi?

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapa barua ya kijana wa Morogoro aliyemaliza kidato cha sita. Swali lake lilikuwa fupi: mtu akienda chuo kikuu kusomea haki ya mazingira na tofauti za kimaisha kati ya watu, atakula wapi? Nimesoma waliomjibu. Mmoja kamshauri akasomee uhasibu. Mwingine kasema hayo ni masomo ya Wazungu waliokosa shughuli. Mimi nimeyafundisha masomo hayo hayo katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam kwa miaka 24, na nimekula. Sijashiba sana, lakini nimekula. Naomba nafasi nimjibu, na katika kumjibu kuna jambo langu mwenyewe nitaliungama.

Nimekulia Tabata. Vijana wa leo wakisikia Tabata wanafikiria nyama choma, muziki wa usiku na foleni. Sisi wa miaka ya themanini tunakumbuka dampo. Magari ya jiji yalimwaga taka mchana, na usiku taka zikawaka zenyewe. Moshi wake haukuwa moshi wa kuni. Ulikuwa mzito, una harufu ya mpira na mifupa, unaingia chumbani hata mkiziba dirisha kwa kanga iliyoloweshwa maji. Mama hakuanika nguo nje upepo ukitoka upande ule. Chakula cha mchana tulikula kwa mkono mmoja, wa pili unafukuza nzi. Mdogo wangu alikohoa mpaka tukazoea kikohozi chake kama saa ya ukutani.

Mwaka 1988 wakazi, Joseph Kessy na wenzake, waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu. Kijana wa Morogoro, weka hili akilini: haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, ila zikafungiwa kwa miaka mitatu, na ni Machi 1988 tu ndipo mwananchi aliporuhusiwa kuzidai mahakamani. Wino ulikuwa haujakauka. Mahakama ikaamuru taka zisimwagwe tena Tabata. Jiji likarudi kuomba muda. Mwaka 1991, mbele ya Jaji Lugakingira, uvumilivu ukaisha. Jaji alishangaa kwamba mamlaka ya umma inakuja mahakamani bila aibu kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaishika Ibara ya 14, ile inayosema kila mtu anayo haki ya kuishi, na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake.

Baba yangu alikuwa karani wa Reli. Habari ile aliisoma kwa sauti sebuleni, akairudia, halafu akamtuma mdogo wangu dukani akalete kreti nzima ya soda. Nilikuwa na miaka 18. Sikuwahi kumwona baba akinunua kreti, hata Krismasi. Nikajiambia nitakachosomea ndicho hiki, kitu chochote kile kinachoitwa hiki.

Kwa miaka mitano niliamini hadithi iliishia kwenye zile soda.

Mwaka 1996 nilikuwa mwaka wa tatu, jiografia, natakiwa kuandika tasnifu ya shahada ya kwanza. Msimamizi wangu akanipeleka Vingunguti. Nikaenda na barua ya mkoa, ya wilaya, ya kata na ya mtaa, mihuri minne yote, na hojaji ya kurasa sita niliyoitafsiri kutoka Kiingereza usiku mmoja kwa taa ya chemli. Mama mmoja anayechoma maandazi kando ya njia alinipa kigoda. Kabla sijafungua karatasi yangu, yeye akaanza kunihoji.

"Mwanangu, unatokea wapi?"

"Tabata, mama."

Akacheka, akamgeukia mwenzake aliyekuwa anakanda unga. "Shoga, wenyewe ndio hawa." Kisha akanirudia, bila hasira hata kidogo: "Nyie mlishinda kesi. Sasa, ulidhani yale magari yalikwenda kulala?"

Sikuuliza hata swali moja siku ile. Nilinunua maandazi ya shilingi mia mbili, nikapanda daladala.

Magari hayakwenda kulala. Baada ya Tabata jiji lilijaribu Kunduchi Mtongani. Huko nako Festo Balegele na wenzake zaidi ya 700 wakaenda Mahakama Kuu, shauri la mwaka 1991, nao wakashinda. Ndipo magari yakaja Vingunguti, mahali ambapo tayari palikuwa na machinjio, mabwawa ya majitaka, viwanda vya upande wa Barabara ya Pugu, na Mto Msimbazi unaopokea vyote hivyo. Vingunguti hapakutokea kesi ya kutajwa kwenye vitabu vya sheria. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 taka zikahamia Mtoni, upande wa Temeke, bondeni kunakoelekea maji ya chumvi. Baadaye Pugu Kinyamwezi, ambako ziko mpaka leo unaponisoma, na waokota makopo wamejenga maisha yao juu yake.

Ukiitazama safari hiyo kwenye ramani, utaona sheria ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Iliwalinda waliofika mahakamani. Waliofika walikuwa na viwanja vilivyopimwa, barua za ofa, jirani anayemjua wakili, na mtu wa kusoma hati ya Kiingereza bila kushtuka. Wa Vingunguti wengi walijenga bila kupimiwa, na kila wakipaza sauti hujibiwa kwa swali: kwani nani aliwaambia mjenge hapo? Mtu anayeweza kuvunjiwa nyumba kesho hana moyo wa kuishtaki halmashauri leo.

Hilo, mwanangu wa Morogoro, ndilo somo lenyewe. Jina lake la Kiswahili limetusumbua muda mrefu. "Haki ya mazingira" inasikika kana kwamba ni miti inayodai haki zake, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza huja darasani wakitegemea tutaongelea tembo. Siku moja nikawaambia: mnaujua mgao wa umeme? Wakaguna wote. Mgao wa maji? Wakaguna tena. Basi, nikawaambia, na taka zina mgao. Moshi una mgao. Mafuriko yana mgao. Sisi tunasoma nani anapanga zamu, na kwa nini kuna mitaa zamu yake haiishi. Tangu siku ile sijahitaji maelezo marefu.

Wanaosema ni masomo ya Wazungu wanaweza kushangaa kwamba mwalimu anayetajwa kuwa baba wa taaluma hii ni Mmarekani mweusi. Robert Bullard alikuwa mwanasosholojia kijana pale Houston mwaka 1979, mkewe, Linda McKeever Bullard, akiwa wakili. Mkewe alichukua kesi ya wakazi wa Northwood Manor waliokuwa wanaletewa dampo, akamwomba mumewe amtafutie ushahidi: madampo ya mji huu yako wapi, na wanaoishi karibu nayo ni akina nani? Bullard akawatoa wanafunzi wake wakahesabu. Madampo yote 5 ya manispaa yalikuwa kwenye mitaa ya watu weusi. Matanuri ya kuchomea taka 6 kati ya 8, huko huko. Na watu weusi walikuwa robo tu ya wakazi wa Houston.

Kesi walishindwa. Nilipoisoma mara ya kwanza maktaba, nikiwa nafanya shahada ya pili, hapo ndipo nilipofunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo. Wale wa Northwood Manor walikuwa watu wa kipato cha kati, na nyumba zao wenyewe, kama baba yangu. Walikuwa na wakili na hesabu kamili. Wakashindwa. Baba yangu akashinda. Kwao rangi ya ngozi ilishinda hati ya nyumba. Kwetu hati ilitosha, na mzigo ukamwangukia asiye nayo.

Ingawa na rangi nayo tusiisahau haraka. Mkoloni ndiye aliyeugawa mji huu Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, akaacha Mnazi Mmoja wazi katikati ili Kariakoo isipumuliane na Uhindini. Mzungu kaondoka, Uzunguni kuna mabalozi na matajiri wetu wenyewe, lakini neno "uswahilini" tumeendelea nalo, na leo maana yake ni mahali ambapo gari la taka haliingii kuzoa, linaingia kumwaga. Nimewahi kulisikia hilo neno likitumiwa hivyo hivyo na ofisa wa mazingira, mzaliwa wa Manzese, tena kwa dharau.

Sasa kuungama kwangu.

Mwaka 2008 nilichapisha makala kuhusu Vingunguti katika jarida la ng'ambo. Kiingereza safi, majedwali manne, nadharia ya kutosha. Ndani yake yule mama wa maandazi anaitwa mhojiwa namba 17. Maneno yake kuhusu magari kwenda kulala niliyageuza yakawa sentensi ndefu kuhusu uhamishaji wa athari, na kicheko chake nikakiacha nje kwa sababu sikuona pa kukiweka. Makala ile ilinipatia pointi, na pointi zikanipatia uhadhiri mwandamizi, na uhadhiri mwandamizi ukaezeka nyumba yangu. Mimi mwenyewe nikitaka kuisoma leo kwenye mtandao, naambiwa nilipe dola 35.

Miaka mitatu baadaye, nafsi ikinisuta, niliandika kijitabu cha kurasa 14 kwa Kiswahili. Nikachapa nakala 200 kwa pesa zangu kwenye steshenari moja Buguruni, nikazigawa ofisi za serikali za mitaa. Nilipoomba kupandishwa cheo tena nikakiambatisha. Kamati ikakipa sifuri. Mjumbe mmoja, mtu mpole tu, alinivuta pembeni: "Dokta, hii ni barua kwa wananchi. Utafiti wako uko wapi?" Nilikosa la kumjibu, kwa kuwa kwa kanuni zetu alikuwa sahihi. Tulichokichukua mtaani kina pointi, tulichokirudisha hakina. Cheo kile nimekikosa mpaka leo, na sisemi hivi ili nionewe huruma. Nasema ili kijana ajue mlango anaoingia una kimo gani.

Maana ataambiwa asome nadharia, na asome kweli. Lakini amtazame pia Phyllis Omido wa Mombasa. Hakuwa profesa. Alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu karibu na kijiji cha Owino Uhuru. Mwanawe mchanga akaugua, akazungushwa hospitali, mwisho damu ikapimwa ikakutwa na risasi, ile madini. Mama akaacha kazi, akaanza kuwapeleka watoto wa majirani nao wakapimwe. Kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Goldman, ile ya kimataifa ya watetezi wa mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaufuta uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Hesabu miaka. Mtoto wa kunyonya amekuwa kijana wa sekondari. Sisi wasomi tulifika Owino Uhuru baadaye, na hojaji zetu, tukawakuta watu wameshachoka kuhojiwa, wanauliza kwanza kama umekuja na majibu ya vipimo vya wale waliotangulia.

Na ajue kwamba kinachojengwa kwa miaka mingi hubomolewa kwa siku moja. Ile hesabu ya Houston ilichangia mpaka Rais Clinton akatia saini amri ya haki ya mazingira Februari 1994, kila idara ya serikali yao iangalie inamtwisha nani mzigo. Amri iliishi miaka 30 na ushei. Januari 2025 Rais Trump akaifuta. Wanafunzi wangu waliniuliza kama sasa tubadilishe mtaala. Nikawajibu kwamba Pugu Kinyamwezi bado inafuka moshi na haijapata taarifa. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo bado inasema kila mkazi ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kwenda kudai. Ninaifundisha kila mwaka. Kila mwaka nauliza darasani nani nyumbani kwao wanaijua, na mikono inayoinuka naihesabu bila kutumia vidole vyote.

Kuhusu kula, nimjibu moja kwa moja asije akasema nimemzungusha. Niliowafundisha wako kwenye halmashauri, wako NEMC, baraza la taifa la mazingira, wako kwenye mashirika, na wengi zaidi wako kwenye miradi ya barabara na mabonde, kule ambako watu wanahamishwa na lazima mtu aandike nani alipwe fidia. Hiyo kazi ya mwisho inalipa vizuri, na ndiyo inayonipa wasiwasi. Kijana wangu mmoja alinipigia simu usiku: bosi wake hataki orodha ya wapangaji, anataka ya wenye nyumba tu, orodha ifungwe kesho. Afanyeje? Nilimwambia aandike zote mbili, atie tarehe, abaki na nakala. Aliandika. Mkataba wake haukuongezwa. Sasa anafuga kuku wa kienyeji Kibaha, na ananiletea mayai, na kila trei ninayopokea inanikaa rohoni, kwa kuwa ushauri ulikuwa wangu na mshahara ulikuwa wake.

Kwa hiyo sitamwambia njoo, na sitamwambia usije. Nitamwomba kitu kimoja kabla hajajaza fomu. Atafute mahali Morogoro wanapomwaga taka, aende kwa miguu, aulize zilikuwa zinamwagwa wapi kabla ya hapo, na kabla ya hapo tena, na nani walikataa, na kwa nini wale walisikilizwa. Achore kwenye karatasi ya daftari. Akiona kazi hiyo inamchosha, uhasibu ni kazi njema. Akijikuta anarudi kesho yake bila kutumwa, aniandikie kupitia kwako.

Kwako Mhariri, na kwa wakuu wa vyuo wanaokusoma asubuhi na chai, ombi langu ni hili: utafiti uliosomwa mbele ya mkutano wa mtaa, kwa Kiswahili, ukapingwa na ukasahihishwa na wenye mtaa, uhesabiwe. Upewe hata pointi moja. Wenzangu wanasema ubora utashuka. Nawasimulia kilichonipata mimi. Mwaka 2011, nilipopeleka kile kijitabu kwenye mkutano wa mtaa Vingunguti, nilikuwa nimechora na ramani kubwa kwenye manila: Tabata, Kunduchi, Vingunguti, Mtoni, Pugu, mishale myekundu kutoka huku kwenda huku, na upande wa kulia Vingunguti yenyewe kwa ukubwa, kila kitu mahali pake. Ramani hiyo hiyo ilishapita kwa wasomi wawili wa ng'ambo walioikagua kwa ajili ya makala, na haikuguswa. Mama wa maandazi alikuwa mstari wa mbele, sasa ameshakuwa bibi, macho yamefifia. Akasimama, akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Umeusahau mtaro," akasema.

Mtaro upi, bibi? Ule unaotoka kwenye mabwawa, unapita nyuma ya nyumba zao, masika ukifurika unaingia mpaka jikoni. Miaka kumi na mitano nilikuwa nauruka kwa miguu yangu kwenda kumhoji, na sikuwahi kuuchora. Akaomba kalamu kwa mjukuu wake, akauchora mwenyewe, mstari wa bluu uliopinda, mkono ukitetemeka.

Ramani hiyo, yenye mstari wake, ndiyo niliyoambatisha na barua hii. Ya ofisi ya mtaa ililiwa na mchwa, hii ni picha niliyoipiga siku ile. Nafasi ikikubana, Mhariri, kata maneno yangu popote upendapo. Ramani iache.

Wako,
"Mwalimu wa Madampo" (ndivyo wanafunzi wanavyoniita, jina langu kamili unalo),
Tabata, Dar es Salaam.